Detroit 71: Injini ya dizeli iliyopiga kelele vitani na barabarani

Aliyesimama kando ya barabara kuu za Marekani katika miaka ya 1960 aliitambua injini hii kabla ya kuliona lori lenyewe. Ililia kwa sauti kali, kana kwamba inazunguka kwa kasi maradufu ya ile halisi.

Injini za dizeli za malori mengi hutoa nguvu katika kila silinda mara moja kwa mizunguko miwili ya krenki. Detroit 71, iliyozinduliwa na kampuni ya General Motors mwaka 1938, ni ya mapigo mawili, hivyo hutoa nguvu katika kila mzunguko. Namba 71 ni ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo, sawa na lita 1.16 hivi. Kwa hiyo 6-71, iliyopata umaarufu kuliko zote, ina silinda sita na ujazo wa takriban lita 7.

Pistoni za injini hii haziwezi kuvuta hewa zenyewe. Hewa husukumwa na pampu iliyofungwa ubavuni, ikaingia kupitia matundu ya ukuta wa silinda, na kuutoa moshi kupitia vali za juu. Bila pampu hiyo injini haiwaki kabisa.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoijengea jina. Iliendesha maboti ya Higgins yaliyoshusha askari ufukweni Normandy mwaka 1944, na mbili kwa pamoja zilisukuma kifaru cha Sherman M4A2. Baada ya vita ilitumika sana kwenye malori na mabasi.

Hata hivyo, ilikuwa na tabia ya kutisha. Sili za pampu zikichakaa, oili huvuja na kuingia kwenye silinda, nayo injini huichoma kama mafuta. Kuzima dizeli hakusaidii. Dereva hana budi kuifunga hewa kwa kilango maalumu, la sivyo injini itaongeza kasi hadi ivunjike.

Uchomaji huo wa oili, hata ule mdogo wa kawaida, ndio ulioiponza sheria za moshi zilipokazwa. Mwaka 1987 Detroit Diesel ilileta Series 60, ya mapigo manne na inayoongozwa kwa umeme, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ile 71 ilikuwa imeondolewa kwenye malori mapya. Pampu zake, ajabu, ziliangukia mikononi mwa vijana wa magari ya mashindano, ambao hadi leo huziita kwa namba ileile, 6-71.