Mbio na Chembe za Ubongo: Historia ya Hoja Moja

Kwa miongo mingi wataalamu walishika kwamba ubongo wa mtu mzima hauzai tena chembe za neva. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, ndiye aliyeitia imani hiyo muhuri. Hivyo Joseph Altman alipotangaza nchini Marekani, katika miaka ya 1960, kwamba ameona chembe mpya katika ubongo wa panya waliokomaa, wengi hawakumjali.

Mwaka 1998 Peter Eriksson na wenzake walitoa ushahidi wa namna hiyo kwa binadamu. Mwaka 1999 Henriette van Praag na wenzake wakaonyesha kwamba panya wakimbiao kwenye gurudumu huzidisha chembe hizo katika hipokampasi, sehemu ihusuyo kumbukumbu. Mwaka 2011 ikaripotiwa kwamba hipokampasi za wazee waliofanya mazoezi ya kutembea mwaka mzima ziliongezeka kwa asilimia 2 hivi; za wenzao walionyosha viungo tu zilipungua.

Lakini kuongezeka ukubwa si uthibitisho wa chembe mpya, na tangu mwaka 2018 wachunguzi wanapingana vikali kuhusu binadamu. Kinachobishaniwa ni njia ya mazoezi kuufaa ubongo, si kufaa kwenyewe. Historia hii yatufunza kwamba jina kubwa halitoshi kuwa hoja, la Cajal wala la wampingao.