Bonde la Paa na Njia ya Maji

Bonde la paa ni mstari wa ndani unaofanyika pale miteremko miwili ya paa inapokutana ikielekeana, hata maji ya pande zote mbili yakaangukia mahali pamoja na kushuka pamoja hadi upenuni. Kinyume chake ni mgongo wa paa, yaani mstari wa juu unaoyatenga maji yaende huku na huku. Nyumba ya mstatili yenye paa la miteremko miwili haina bonde hata moja. Bonde huzaliwa pale mwenye nyumba anapotaka sebule ichomoze mbele, au anapoongeza vyumba ubavuni, nyumba ikawa ya kona.

Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya vyuo vya ufundi nchini Kongo, huliita bonde hilo *noue*, hali mafundi wa Tanzania wamezoea kusema *vali*, neno lililotoka katika Kiingereza. Mjini Baraka, katika eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, ambako wakimbizi wa eneo hilo walianza kurejeshwa kwa meli kutoka Kigoma mwaka 2005, fundi aliyesomea upande mmoja wa Ziwa Tanganyika hufanya kazi bega kwa bega na fundi wa upande wa pili, na istilahi ya bonde la paa inawafaa wote wawili. Inafaa pia kwa sababu inaeleza kazi yenyewe: paa hukusanya maji vilevile kama milima ya Fizi inavyoyakusanya mabondeni kabla hayajafika ziwani.

Ugumu wa bonde ni kwamba mwinamo wake daima ni mdogo kuliko ule wa paa linalolizaa, kwa kuwa linashuka kimo kilekile huku likipita njia ndefu zaidi, ya mshazari. Mapaa mawili ya nyuzi 30 yakikutana kwa pembe mraba, bonde lao huwa na nyuzi 22 tu. Yakiwa ya nyuzi 15, bonde hubaki na nyuzi zisizofika 11. Hivyo sehemu inayobeba maji mengi kuliko zote ndiyo inayoyapeleka polepole kuliko zote. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo bonde linalopokea maji ya mita za mraba 40, mvua ikinyesha milimita 50 kwa saa, hutoa lita 2,000 kwa saa hiyo katika ncha yake moja ya chini, wakati upenu wa kawaida huyatawanya maji katika urefu wake wote.

Katika nyumba ya mabati, au manjanja kama yanavyoitwa katika Kiswahili cha Kongo, bonde hutandikwa bati bapa lililokunjwa katikati, lenye upana usiopungua sentimita 45, juu ya mbao zinazolishikilia lisibonyee. Kingo zake hukunjwa kuelekea juu ili maji yanayoshuka kwa kasi upande mmoja yasirukie chini ya mabati ya upande wa pili. Kazi huanzia chini, kipande cha juu kikilalia cha chini kwa sentimita 20 au zaidi, na mabati ya paa yaliyokatwa kimshazari huingia sentimita 15 kila upande, hivi kwamba katikati hubaki mfereji wazi wa sentimita 15, ambamo majani ya miembe hayakwami kwa urahisi. Msumari haupigwi katika mfereji huo kabisa. Lami inayopakwa baadaye juu ya tundu la msumari ni dawa ya msimu mmoja, nayo hupasuka kwa jua la kiangazi cha Juni hadi Agosti.

Kosa baya zaidi ni bonde linaloishia ukutani, kama inavyotokea paa la nyongeza linapoinamia ukuta wa nyumba ya zamani. Huko maji hayana pa kwenda, na ukuta wa matofali mabichi, yaani ya udongo uliokaushwa juani bila kuchomwa, hulowa na kumomonyoka. Fundi hulazimika kujenga hapo kipaa kidogo chenye mgongo, kitakachoyagawa maji na kuyasukuma pembeni. Ncha ya bonde nayo humwagia katika kona ya ndani ya nyumba, juu ya msingi. Inahitaji mfereji wa upenuni uliozungushiwa kinga ya bati hapo konani, na bomba la kuyapeleka maji kwenye pipa. Mwambao wa Baraka umesumbuliwa na kipindupindu mara nyingi, na maji ya paa, yakishaachwa yale ya mwanzo yanayoosha vumbi, yana thamani kwa kila kaya.

Hata hivyo, mabonde mengi hayahitajiki. Nyongeza inaweza kuezekwa kwa mteremko mmoja unaoanzia chini ya upenu wa paa kubwa, zikapungua mbao, mabati na mashaka. Mwenye kujenga na amtake fundi achore mishale ya maji juu ya ramani ya paa kabla ya kununua bati la kwanza. Mshale usiofika nje ya nyumba unaonyesha mahali patakapovuja.