Fedha ya Potosí na Madeni ya Vita: Milki ya Hispania, 1545–1648

Tangu Earl Hamilton alipochapisha utafiti wake wa bei mwaka 1934, imekuwa kawaida kuieleza Hispania kama milki iliyolemewa na utajiri wa migodi yake: madini ya fedha yaliingia kwa wingi, bei zikapanda, viwanda vikadorora. Kuhusu bei, maelezo hayo yana ukweli wake. Lakini hayatuambii kwa nini wafalme waliomiliki mgodi wa fedha mkubwa kuliko yote wa zama zao walishindwa mara kwa mara kuwalipa askari wao. Ninavyoona, faida kuu ya Potosí kwa ufalme ilikuwa dhamana ya kukopea, na masharti ya mikopo hiyo ndiyo yaliyochora upya mipaka ya milki.

Mgodi wa Potosí, katika Bolivia ya leo, uligunduliwa mwaka 1545. Uzalishaji ulipaa miaka ya 1570, pale Francisco de Toledo, mtawala wa Peru kwa niaba ya mfalme, alipoeneza usafishaji kwa zebaki ya Huancavelica na kuwalazimisha wenyeji wa milimani kufanya kazi migodini kwa zamu. Mfalme alichukua sehemu ya tano ya madini. Hata hivyo, katika miaka ya neema fungu lake kutoka Amerika lilikuwa kiasi cha robo tu ya mapato yake. Mengi ya yaliyobaki yalitoka kwa walipa kodi wa Castile. Ni wakulima na wachuuzi hao, kuliko mlima wa Potosí, walioibeba milki.

Basi fedha hiyo ilikuwa na kazi gani? Vita vilikuwa Flanders, dhidi ya majimbo ya Uholanzi yaliyomwasi mfalme, na askari huko walitaka dhahabu mkononi, tena kwa wakati. Merikebu za Amerika zilitia nanga Sevilla kwa msimu, zikichelewa au kuzama. Pengo hilo la mahali na la wakati lilizibwa na mabenki ya Genoa kwa mkataba ulioitwa asiento: benki ililipa dhahabu Antwerp kwa hati za hawala, na mfalme akaahidi kurejesha kwa fedha ya merikebu zijazo, pamoja na riba na kibali cha kuitoa nje ya nchi. Kwa hiyo shehena ilifika bandarini ikiwa imekwisha kuwa mali ya mtu mwingine.

Septemba 1575 mfalme Philip II alisimamisha malipo ya mikataba hiyo. Wagenoa nao wakafunga njia ya dhahabu kwenda Flanders. Askari waliokuwa wakidai mishahara ya miaka waliasi, na tarehe 4 Novemba 1576 wakaivamia Antwerp, soko kuu la fedha la kaskazini, wakaiteketeza na kuwaua maelfu ya wakazi. Siku nne baadaye majimbo ya Uholanzi, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, yalitia sahihi mapatano ya Ghent kuwafukuza askari hao. Muungano huo haukudumu. Lakini uasi wa majimbo ya kaskazini, uliokuwa karibu kuzimwa, ulipata pumzi ambayo Madrid haikuweza tena kuikata.

Mauricio Drelichman na Hans-Joachim Voth wamekagua mahesabu ya Philip na kuhitimisha kwamba deni lake lilibebeka: alisimamisha malipo mara 4, na kila mara wakopeshaji walirudi. Nakubali mahesabu yao, ila daftari la benki si mahali pa kupimia hasara ya aina hii. Wagenoa walifidiwa kwa hati za muda mrefu zilizowekewa rehani kodi za Castile; Antwerp haikuwa na wa kuifidia.

Waholanzi hawakuwa na mgodi hata mmoja. Jimbo la Holland lilikopa kwa raia wake wenyewe, likiwarejeshea kutokana na kodi zilizoidhinishwa na baraza ambamo wakopeshaji hao hao walikuwa na sauti. Riba ilishuka hadi asilimia 5 mwaka 1640, na 4 mwaka 1655. Vita vyao navyo viligharimiwa kwa sehemu na adui: shehena ya fedha aliyoiteka Piet Heyn kule Matanzas, Cuba, mwaka 1628 ilisaidia kulipia uvamizi wa Pernambuco, koloni la Ureno nchini Brazili, mwaka 1630.

Ureno ilishambuliwa kwa sababu tangu 1580 ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania. Hata Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilijengwa kwa jina la Philip II huyo huyo. Mwaka 1627 Philip IV naye alisimamisha malipo, na waziri wake Olivares akazidi kuwabana Wareno na Wakatalunya wachangie vita visivyowahusu. Wote wawili waliasi mwaka 1640. Lisbon ilijitoa moja kwa moja, na Mombasa ikaenda nayo. Mwaka 1648 Hispania ilitambua uhuru wa Waholanzi, ambao kampuni yao ya Mashariki ilikuwa ikinunua pilipili ya Asia kwa sarafu zilizopigwa kwa fedha ya Mexico na Potosí.