Moshi wa Kuwashia Injini

Moshi wa kuwashia ni moshi mzito, wa buluu iliyochanganyika na weupe, ambao baadhi ya injini za pistoni hutoa mara tu zinapowashwa, nao hutokana na oili iliyopenya katika vyumba vya mwako injini ikiwa imezimwa. Huonekana zaidi katika injini za nyota, yaani zile ambazo silinda zake huizunguka krenki (mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko), kama vile Pratt & Whitney R-1830 iliyofungwa katika ndege nyingi za Douglas DC-3, aina iliyotumiwa pia na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki.

R-1830 ina silinda 14 katika safu mbili za saba saba, na vichwa vya zile za chini huelekea ardhini. Kwa hiyo oili iliyosalia katika kasha la krenki huteremka polepole, ikapita kwenye ringi za pistoni na kutuama katika chumba cha mwako. Ringi haziwezi kuizuia kabisa, kwa kuwa kila moja ina pengo dogo ncha zake zinapokutana, na tena pistoni ya alumini, ambayo hutanuka kwa joto kuliko silinda ya feleji, huachiwa nafasi ya ziada ikiwa baridi. Moshi huo, basi, si ushahidi wa ubovu, ijapokuwa humtisha abiria asiyeuzoea.

Linalostahili kuogopwa ni oili inapokuwa nyingi, kwani kimiminika hakishindiliki kama hewa, na pistoni inayokutana nacho valvu zikiwa zimefungwa inaweza kupinda konrodi au kupasua kichwa cha silinda. Ndiyo maana, injini ikiwa imekaa, rafadha huzungushwa kwanza kwa mkono, swichi za magneto zikiwa zimezimwa; ikikwama, plagi za silinda za chini hufunguliwa ili oili imwagike. Kuirudisha nyuma kwa nguvu ni kosa kubwa, maana oili husukumwa kwenye bomba la kuingizia hewa, ikavutwa tena ndani injini inapowaka.

Katika magari, ambayo silinda zake kwa kawaida husimama au kulala, moshi wa asubuhi unaotoweka haraka mara nyingi hutokana na sili za valvu zilizokakamaa, ambazo huruhusu oili kuchuruzika usiku kucha kufuata shina la valvu, ilhali ringi zilizochakaa hutoa moshi hata gari likiwa safarini, hasa linapopanda mlima.