Bahari ya Pwani ni ya Nani?

Mtu akimuua mwenziwe shambani, twajua atapelekwa mahakama gani. Je, akiua baharini, mbele ya pwani yetu, nani atamhukumu?

Sikilizeni habari ya meli mbili. Tarehe 17 Februari, 1876, meli ya Kijerumani iitwayo Franconia ilikuwa ikipita karibu na mji wa Dover, Uingereza. Ikaigonga meli ya Kiingereza, Strathclyde, iliyokuwa safarini kwenda Bombay. Strathclyde ikazama, watu 38 wakafa. Hapo palipozama, kutoka ufukoni hapakutimia maili 3.

Nahodha wa Franconia, Ferdinand Keyn, alishtakiwa London kwa kosa la kuua bila kukusudia. Wazee wa baraza wakamwona ana hatia. Lakini wakili wake alikuwa na neno: huyu ni mgeni, alikuwa ndani ya meli ya kigeni, naye hakukanyaga nchi ya Kiingereza. Mnamhukumu kwa sheria gani?

Majaji 13 walilipima neno hilo. Majaji 7 walisema nahodha aachwe, 6 walisema afungwe. Basi akaachwa, kwa jaji mmoja tu!

Wale 7 hawakusema kwamba nahodha hakukosa. Walisema kwamba nchi ya Uingereza hukoma pale maji yanapokupwa. Kupita hapo ni bahari ya watu wote. Mataifa yalikuwa yamezoea kusema kwamba maili 3 za kwanza ni za mwenye pwani, lakini mazoea hayatoshi kumfunga mtu. Bunge lilikuwa halijatunga sheria. Kwa jamaa za wale waliozama lilikuwa jambo chungu, bali mimi naona majaji hao walikuwa na haki.

Mwaka 1878 Bunge likatunga sheria hiyo ya maili 3. Tena likadai kwamba mamlaka hayo yalikuwapo tangu zamani! Hata hivyo, mgeni hashtakiwi bila idhini ya Waziri.

Mapatano ya mataifa ya mwaka 1982 yaliruhusu nchi kufikia maili 12 za baharini, na sheria ya Tanzania ya mwaka 1989 inataja maili hizo 12. Lakini meli ya kigeni inayopita tu isisimamishwe kwa sababu ya ugomvi wa mabaharia wake wenyewe. Madhara yakifika nchi kavu, au nahodha mwenyewe akiomba msaada, hapo askari wa pwani waweza kupanda melini.