Yafaa kujua kabla ya kubadilisha betri ndogo ya gari la umeme

WATU wengi wakitajiwa betri ya gari la umeme hufikiria ile kubwa iliyolazwa chini ya sakafu, inayolisukuma gari barabarani. Ni wachache wanaojua kwamba ndani ya gari hilo mna betri nyingine ndogo ya volti 12, inayofanana na ile ya gari la petroli, na kwamba hiyo ndogo ikifa, ile kubwa haifai kitu hata kama imejaa pomoni.

Jambo hili lina uzito kwa mwenye gari anayeishi mbali na miji mikubwa. Katika vituo vya biashara kama Bokoli, eneobunge la Webuye Magharibi, Kaunti ya Bungoma, mafundi wengi wamezoea injini za petroli na dizeli. Gari la umeme likigoma kuwaka hapo, mwenyewe huenda akagharimika kulivuta hadi Bungoma, Kitale au Eldoret, ilhali hitilafu ni ya betri ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba mikononi.

Ndiyo maana baadhi ya wenye magari haya hushauriwa kuiondoa betri hiyo, ambayo kwa kawaida ni ya madini ya risasi na asidi, na kuweka ya lithiamu. Ushauri huo una manufaa yake, lakini si wa kufuatwa pasipo kuchunguza kwanza.

Kazi ya betri ndogo

Katika gari la petroli, betri huzungusha injini wakati wa kuwasha, kisha altaneta huichaji gari likiwa safarini. Gari la umeme halina altaneta. Badala yake kuna kifaa kinachochukua umeme wa betri kubwa, ambao katika gari aina ya Nissan Leaf ni takriban volti 360, na kuushusha ili kuichaji betri ndogo.

Betri ndogo nayo hulisha taa, kufuli za milango, mifuko ya hewa na kompyuta za gari. Muhimu zaidi, ndiyo inayozipa nguvu swichi kubwa zinazounganisha betri kuu na mota. Bila ya nguvu hizo, betri kuu hubaki imetengwa na gari haliondoki.

Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010 nchini Japani na Marekani, si ngeni humu nchini. Kampuni ya teksi ya NopeaRide iliitumia jijini Nairobi kuanzia 2018 hadi ilipofunga shughuli zake mwaka wa 2022. Kwa kuwa sheria za Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane, mnunuzi anaweza kupokea gari ambalo betri yake ndogo imekwisha kuchoka, maana nyingi za aina ya risasi hudumu miaka mitatu hadi mitano tu.

Kwa nini betri ya risasi huchoka

Betri ya risasi ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859. Ni ya bei nafuu na huvumilia mengi, ila haipendi kukaa nusu tupu. Ikikaa hivyo, chembe ngumu hujijenga juu ya sahani zake za risasi na kuipunguzia uwezo siku baada ya siku.

Hiyo ndiyo hali inayoikuta katika baadhi ya magari ya umeme. Kompyuta huendelea kuinyonya kidogo kidogo hata gari likiwa limeegeshwa. Isitoshe, kifaa cha kuichaji huweza kushusha nguvu hadi karibu volti 13 baada ya muda mfupi, kiwango ambacho hakitoshi kuijaza betri ya risasi ipasavyo.

Lithiamu ina tabia tofauti. Aina inayofaa kwa kazi hii ni ile ya chuma na fosfati, ambayo ni tulivu zaidi kwenye joto kuliko lithiamu ya kobalti inayopatikana katika simu nyingi. Haidhuriki kwa kukaa nusu, huweza kuchajiwa na kutumiwa zaidi ya mara 2,000, na uzani wake ni takriban nusu ya ule wa betri ya risasi au hata pungufu. Kampuni ya Tesla ilianza kuweka betri ndogo za lithiamu katika magari yake mwaka wa 2021.

Mambo matatu ya kuchunguza

Kwanza, pima nguvu ya kuchaji. Gari likiwa limewashwa, weka mita kwenye ncha mbili za betri. Betri ya lithiamu yenye seli nne za aina hiyo haifai kupokea zaidi ya volti 14.6. Gari likitoa zaidi ya hapo, usiendelee.

Pili, hakikisha betri mpya ina mtambo wa ulinzi ndani yake. Mtambo huo hukata umeme betri inapokaribia kuisha au inapochajiwa kupita kiasi. Lakini fahamu kwamba ukikata, gari huzimika ghafla pasipo dalili, na milango ya umeme huenda isifunguke. Dereva yampasa kuwa na ufunguo wa chuma na kujua tundu lake lilipo.

Tatu, soma kibandiko kwa makini. Baadhi ya wauzaji huandika ukubwa wa betri ya risasi wanayodai kulingana nayo, wala si ukubwa halisi. Kipimo cha kuaminika ni wati-saa. Lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 20 hubeba wati-saa 256. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 45 hubeba 540, ila si vyema kutumia zaidi ya nusu yake, yaani 270. Hivyo basi hizo mbili hukaribiana katika matumizi, ingawa nambari zake zimeachana.

Baridi kali, ambayo huzuia lithiamu kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, si tatizo kwa wakazi wa Bungoma na Kitale.

Wakati wa kubadilisha, zima gari kabisa na uweke ufunguo mbali. Fungua waya wa ncha hasi kwanza, kisha wa ncha chanya. Unapofunga, anza na chanya na umalize na hasi. Usiguse kamwe nyaya za rangi ya machungwa, kwani hizo ni za betri kuu na zaweza kuua. Kadhalika, betri mpya ikiwa ndogo kuliko ya awali, ifungwe imara isicheze barabarani.

Betri kuukuu isitupwe

Linalosahaulika mara nyingi ni hatima ya betri iliyotolewa. Kwa miaka mingi, familia za mashambani zilitumia betri za magari kuwashia redio na televisheni, na zilipokufa zikaachwa uani au zikavunjwa ili risasi iyeyushwe.

Mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa ni funzo tosha. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichofungwa mwaka wa 2014, kiliwaachia wakazi sumu ya risasi mwilini. Mwanaharakati Phyllis Omido aliwapigania na kutuzwa Tuzo ya Goldman mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha fidia hiyo mwaka wa 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha Desemba 2024.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa salama mwilini, na watoto ndio huumia zaidi kwa kuwa huathiri ubongo unaokua. Kwa sababu hiyo, betri ya zamani ikabidhiwe muuzaji wa betri anayezipokea au mkusanyaji mwenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Kwa jumla, anayeweka lithiamu katika gari linalochaji kwa kiwango kinachofaa atanufaika kwa miaka mingi. Ambaye gari lake halikidhi masharti hayo, ni heri anunue betri mpya ya risasi iliyo bora, na kuichaji kikamilifu kwa chaja ya nje mara kwa mara. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuvutwa kutoka Bokoli hadi Eldoret.