Adui wa Dizeli ni Maji

Ndugu mkulima, injini ya dizeli ina historia ndefu. Mjerumani Rudolf Diesel alifanikiwa kuiendesha mjini Augsburg mwaka 1897. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga! Kwetu matrekta yalimiminika Kongwa mwaka 1947, kulima karanga hizo hizo. Mpango ukavunjwa 1951. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, kila tone likawa na thamani.

Lakini akiba nayo huharibika. Je, pipa lako limebaki nusu? Usiku likipoa, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka maji, yakazama chini. Hapo vijidudu huzaliana na kufanya ute unaoziba chujio. Trekta linazimika, na mvua ndiyo kwanza imeanza!

Basi, lijaze pipa, lifunge vizuri, liweke kivulini, limeinama kidogo ili maji yakusanyike upande mmoja. Yatoe kwanza, wala usichote mafuta ya chini kabisa. Tumia ya zamani kabla ya mapya.

Mvua haimngoji fundi, ndugu yangu.